Mhariri, sio Linux iliyopoteza kazi za mdogo wangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba msinikate sana maana hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Kuna msomaji mwenzetu kaandika kwamba ukiweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows ilivyo, kwenye kompyuta yenye Windows umeiua hiyo kompyuta, mifumo miwili haikai pamoja, mtu achague mmoja basi. Simkasirikii, maana mimi mwenyewe nilikua nasema hivyo hivyo kwa kila aliyeniuliza. Ila sio kweli, na nitaeleza nilivyokuja kujua kua sio kweli.

Mdogo wangu alikua anamalizia masomo, kwenye laptopu yake mlikua na kila kitu, kazi za miaka mitatu, picha, na sauti za mahojiano aliyofanya na wazee kwa ajili ya utafiti wake. Akaambiwa programu ya kuchambua ile data inakwenda vizuri zaidi kwenye Linux, akampelekea fundi amuwekee pembeni ya Windows. Fundi akaingia kwenye BIOS, zile setingi za mashine zinazofunguka kabla ya Windows, akazima kitu kinaitwa Secure Boot, kinga inayozuia mashine kuwaka na mfumo usiotambulika, akawasha laptopu kwa flashi, Linux ikafunguka vizuri tu. Akaitoa flashi arudi kwanza Windows apunguze nafasi ya diski, hapo ndo ikaja skrini ya bluu inataka namba ya tarakimu 48. Hatukua na namba yoyote, wala hatukuwahi kuisikia. Fundi akasema Linux imeshaharibu Windows, dawa ni kufomati, yaani kufuta diski yote. Tukakubali. Vikaenda vyote, na kati ya wale wazee kuna mmoja alikua ameshafariki, sauti yake ilikua mule tu.

Sasa Mhariri, naomba wasomaji wasikilize hapa. Linux ilikua bado haijagusa ile diski hata kidogo, ilikua inaendeshwa kutoka kwenye flashi. Kilichotokea ni kwamba laptopu nyingi za siku hizi zinakuja diski yake imefungwa kwa usimbaji, yaani mafaili yamegeuzwa siri hayasomeki bila ufunguo, unaoitwa BitLocker, au kile Windows wanakiita usimbaji wa kifaa, na mara nyingi unajiwasha wenyewe ukishaingia na akaunti ya Microsoft siku ya kwanza, wala mwenye mashine hajui. Ufunguo unatunzwa na chipu ndogo ya TPM, na ile chipu inautoa tu kama mashine inawaka kwa njia ile ile iliyozoea. Ukizima Secure Boot njia imebadilika, chipu inaona labda mwizi kaiba laptopu anachezea, inakataa, ndo Windows inakuomba ile namba ya akiba. Yaani ilikua inamlinda mdogo wangu! Na ile namba, hili ndo linaniuma mpaka leo, ilikua imetunzwa kwenye akaunti yake ya Microsoft muda wote. Ungeingia kwa simu tu kwenye akaunti, sehemu ya vifaa, unaikuta, unaiandika, Windows inafunguka kama hakuna kilichotokea. Tulikuja kuiona baada ya diski kufutwa, namba ipo imekaa pale, mlango wake haupo tena.

Na kumbe hata kuzima Secure Boot hakukua na haja. Ubuntu, Fedora na nyingine kubwa zinawaka nayo ikiwa imewashwa, zina saini inayotambulika, na Ubuntu wamefanya hivyo tangu 2012. Ule ushauri wa zima Secure Boot kwanza ni wa zamani, watu wanaurithishana tu bila kuuliza unatoka wapi.

Kwa hiyo anayetaka mifumo miwili, kabla hajagusa chochote anakili mafaili yake kwenye diski ya nje, halafu anaitafuta ile namba ya tarakimu 48 na kuiandika kwenye karatasi. Kwenye karatasi, sio kwenye laptopu hiyo hiyo. Halafu ndo anaweza kuusimamisha au kuuzima ule usimbaji na kuendelea.

Yanayobaki ni mambo ya kawaida ya watu wawili kukaa nyumba moja, kila mmoja anadhani nyumba ni yake peke yake. Saa kwa mfano, hili limewatesa wengi wakadhani betri ya ubaoni imekufa. Windows inasoma ile saa ya ndani ya mashine kama saa ya pale ulipo, Linux inaisoma kama saa ya dunia, UTC, kwa hiyo ukitoka huku ukaingia kule saa inaruka kwa masaa yale yale ambayo eneo lako liko mbele au nyuma ya UTC. Hakuna kilichoharibika. Unaingia Linux, unafungua dirisha la amri (terminal) unaandika timedatectl set-local-rtc 1, mara moja tu, wanaelewana. Spika na mausi ya Bluetooth nayo hivyo hivyo, ukiiunganisha upande mmoja upande wa pili inagoma, maana kila mfumo unatunza ufunguo wake wa kuungana na ile mausi na mausi inakumbuka wa mwisho tu. Hilo linakera lakini haliui mtu.

Linaloweza kuua mafaili ni lile la Windows kujifanya imezimika. Tangu Windows 8 ya 2012 kuna kitu Fast Startup, ukibonyeza kuzima Windows haizimiki kabisa, inaandika sehemu ya kumbukumbu yake kwenye diski na kulala ili kesho iwake haraka. Sasa wewe unaingia Linux unafungua ile patisheni, yaani sehemu ya diski, ya Windows unaongeza mafaili yako, halafu Windows inaamka na kumbukumbu zake za jana inaona diski iko tofauti na ilivyoiacha, hapo ndo mafaili yanachanganyikana. Linux nyingi zinakataa kuandika kwenye patisheni iliyo katika hali hiyo, zinakufungulia ya kusoma tu, na watu wanalalamika Linux mbovu haitaki kusevu faili langu. Inakuzuia usijiumize. Kaizime Fast Startup kwenye setingi za umeme za Windows, na kama leo una haraka chagua kuwasha upya badala ya kuzima, maana kuwasha upya huko Windows inajifunga kweli kweli.

Kuhusu kugawa diski sina maneno mengi. Punguza patisheni ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, na kifaa chake cha kusimamia diski, Linux ikute nafasi tupu inaisubiri. Na kama Linux haioni diski kabisa usianze kubonyeza bonyeza, mara nyingi ni kwa sababu BIOS imewekwa kwenye RAID ya Intel badala ya AHCI, hizo ni njia mbili za mashine kuongea na diski, na ukiibadilisha ghafla bila kuiandaa Windows nayo itagoma kuwaka, soma kwanza.

Zamani, lazima nikiri, sifa mbaya ilikua na sababu. Enzi za BIOS ya kale kompyuta ilisoma sekta moja tu ya mwanzo wa diski, baiti 512, na ndani yake kulikua na nafasi ya programu moja ya kuwashia, baiti 446 tu. Anayekuja mwisho anamfuta aliyetangulia. Ukiweka Windows baada ya Linux menyu ya Linux inapotea, ndo maana wazee wa kazi wakasema Windows kwanza Linux baadae. Leo kwenye UEFI, mrithi wa ile BIOS ya kale, kuna patisheni ndogo kabisa ambayo kila mfumo unaweka folda yake, Microsoft ina yake, ubuntu ina yake, zinakaa bega kwa bega. Windows ikijirudisha mbele kwenye orodha, na inafanya hivyo mara nyingine baada ya apdeti, unaingia BIOS unapanga upya, dakika mbili, hakuna kufomati mtu.

Na nisionekane naisafisha Microsoft. Tarehe 13 Agosti 2024 walitoa apdeti ya Windows ambayo wenyewe walisema haitagusa mashine zenye mifumo miwili, ikagusa, watu wengi wakaamka Linux zao zinakataa kuwaka zinaandika ujumbe wa kuvunjwa kwa sera ya usalama. Microsoft walikubali kwamba kipimo chao hakikuzitambua baadhi ya njia watu wanazotumia kuweka mifumo miwili. Hilo lilikua kosa lao, na linaonyesha nani anamjali mwenye mashine na nani anamsahau. Ila hata hapo mafaili ya watu yalikua salama, kilichofungwa ni mlango, na aliyekimbilia kufomati ndo aliyepoteza.

Kwa nini nasumbuka na haya yote sasa hivi? Kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kwa hiyo kuna kompyuta nyingi sana nzima, zinafanya kazi, ambazo hazikubaliki rasmi. Wenye hizo kompyuta wanaambiwa mambo mawili tu, nunua mpya au futa kila kitu uweke Linux. Mimi nasema kuna la tatu, ibakishe Windows yako kwa zile programu mbili tatu ambazo huwezi kuziacha, bora usiiingize intaneti, na Linux iwe ndo ya kila siku, ya benki na barua pepe. Huhitaji hata kuapa siku ya kwanza, ile flashi inakuonyesha kama waifai, sauti na skrini vinafanya kazi bila kugusa diski. Mwenye ramu ya kutosha, tuseme gigabaiti 16, anaweza hata kuendesha mfumo wa pili kama programu ndani ya wa kwanza kwa VirtualBox, ingawa kwenye laptopu ya gigabaiti 4 usijaribu, zote mbili zitakwama.

Mdogo wangu alimaliza masomo, alirudi kwa wale wazee waliobaki akaanza upya, ilimchukua mwaka mzima. Laptopu ile ile ina Windows na Linux hadi leo, mimi ndo niliyeziweka, na karatasi yenye tarakimu 48 imebandikwa ndani ya jalada la daftari lake na nyingine ninayo mimi.

Ninachoomba kwenu Mhariri, nimeona ukurasa wenu wa teknolojia mara nyingi unachapisha maelekezo ya kuweka Linux, pakua hiki, tengeneza flashi, bonyeza hapa. Nakala za mafaili zinatajwa mwishoni kwa mstari mmoja na ile namba haitajwi kabisa. Mkichapisha tena naomba hayo mawili yawe hatua ya kwanza, kwa herufi kubwa, kabla hata ya kutaja flashi. Na mafundi wanaosoma gazeti hili, mteja akikuletea laptopu muulize namba yake iko wapi kabla hujaingia BIOS, na kama skrini ya bluu ishatokea usiseme neno kufomati mpaka muwe mmefungua akaunti yake mkaangalia pamoja.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi