Kabla ya Kumpeleka Mtoto Mchanga Bwawani, Mama Ajifunze Kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu jambo ambalo kwa miezi kadhaa sasa limekuwa likizungumzwa sana miongoni mwetu sisi wazazi wa Kigamboni, nalo ni umri unaofaa kumwanzishia mtoto mafunzo ya kuogelea. Mazungumzo yalianza kwa tangazo lililosambazwa kwenye simu zetu, la hoteli moja yenye bwawa, likiwaalika akina mama walete watoto kuanzia umri wa miezi minne, nusu saa kwa shilingi 25,000, kwa ahadi kwamba mtoto atakayeanza mapema hivyo atajua kujiokoa mwenyewe akitumbukia majini. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi saba. Jirani yangu alinihimiza tuwaandikishe watoto wetu pamoja, akanikumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi; nami nilimjibu, baada ya kufikiri kwa siku mbili, kwamba methali hiyo inahusu tabia, si mapafu.

Nilikaribia kulipa. Kilichonizuia ni hiyo ahadi ya kujiokoa, kwa kuwa mwanangu wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anaanza kukaa bila kuegemezwa mto, nikajiuliza angetumia misuli ipi kujigeuza majini, kuinua uso, kuvuta pumzi na kuelekea ukingoni. Tangazo lilisema kwamba madaktari wanashauri, lakini halikusema ni madaktari gani wala wanashauri umri upi. Nikaanza kusoma. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishikilia kwa miaka mingi kwamba watoto kwa kawaida hawajawa tayari kwa mafunzo rasmi ya kuogelea kabla ya kutimiza miaka minne. Mwaka 2010 kililegeza msimamo huo, na katika tamko lake la mwaka 2019 kinasema mafunzo yanaweza kupunguza hatari ya kuzama kwa watoto wa kuanzia mwaka mmoja, huku kikieleza bayana kwamba hakuna ushahidi kuwa madarasa ya watoto walio chini ya mwaka mmoja yanawakinga na kuzama.

Wapo watakaosema kwamba wameona kwa macho yao, katika video, mtoto wa miezi mitano akizamishwa na kuibuka salama. Nami nimeziona. Mtoto mchanga akiingia majini hufunga koo na kuzuia pumzi bila kufundishwa na mtu. Ni silika anayozaliwa nayo, na hufifia kadiri anavyokua. Kuiita silika hiyo kuogelea ni sawa na kusema kwamba mtoto anayekushika kidole kwa nguvu siku ya kwanza hospitalini ameshajua kupanda mnazi. Tena kumzamisha mara kwa mara kuna hatari yake, kwa sababu humeza maji, na mwili mdogo namna hiyo ukipokea maji mengi kwa muda mfupi, chumvi katika damu huweza kushuka kiasi cha kumletea degedege.

Kuna pia suala la baridi, ambalo huku kwetu pwani watu hulicheka. Wazazi wa Uingereza hushauriwa kwamba maji ya bwawa la mtoto aliye chini ya miezi sita yapashwe moto hadi nyuzi joto zipatazo 32. Mwezi Julai, kusi ikivuma, nilikwenda kulitazama bwawa lile nikiwa na kipimajoto cha maji ya kumwogeshea mtoto, nikalikuta na nyuzi 26. Mtu mzima ataliona zuri kabisa, ila mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko sisi, na akishaanza kutetemeka au midomo ikabadilika rangi, somo limekwisha.

Sisemi kwamba mzazi anayempeleka mtoto wake bwawani anakosea. Kucheza naye katika maji ya uvuguvugu, akiwa mkononi mwako muda wote, ni furaha kwenu wote wawili na humzoesha maji. Ninachopinga ni kuuziwa mchezo ukadhani umenunua kinga, kisha ukarudi nyumbani ukiwa na wasiwasi mdogo kuliko ulioondoka nao.

Kwa maana huko nyumbani ndiko kwenye maji yanayonitisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Watoto wa umri huo kwa sehemu kubwa hawafi wakiogelea. Wanakuwa wakitambaa au kutembea karibu na maji yaliyo jirani na mlango wa nyumba. Sasa nani kati yetu hapa Dar es Salaam hana maji nyumbani? Mgao umetuzoesha kujaza kila chombo yanapotoka: pipa uani, ndoo tatu bafuni, diaba la nguo, madumu jikoni. Mtoto anayeanza kujivuta asimame ana kichwa kizito kwa kulinganisha na mwili wake, na akiinamia ndoo hutangulia kichwa, wala hana nguvu mikononi ya kujisukuma arudi. Vidole vichache vya maji vinatosha. Hapigi kelele, kwa kuwa mdomo na pua vyote vimo majini. Mwanangu wa kwanza, alipokuwa na mwaka mmoja na wiki chache, nilimkuta amelala kifua juu ya ukingo wa diaba, mkono mmoja umeshazama hadi begani, nami nilikuwa nimekwenda tu kuanua nguo upande wa pili wa nyumba. Mpaka leo sijui kama nilitumia dakika mbili au nne.

Ndiyo maana naona ushauri wa Shirika la Afya Duniani una busara kuliko tangazo la hoteli. Linashauri stadi za kuogelea na usalama wa majini zifundishwe watoto wa kuanzia umri wa miaka sita hivi, na kwamba walio wadogo zaidi wapatiwe uangalizi wa mtu mzima na vizuizi baina yao na maji. Kule Bangladesh, ambako nyumba nyingi za vijijini zimezungukwa na madimbwi, vituo vya kulelea watoto wadogo saa za asubuhi, mama zao wakiwa na kazi nyingi, vimepunguza sana vifo hivyo. Hapa kwetu ningependa kuanza na jambo dogo zaidi. Kila mama humpeleka mtoto kliniki akiwa na miezi tisa kwa ajili ya chanjo ya surua na rubela, na huo ndio umri hasa ambao watoto wengi wanatambaa na kujivuta wasimame. Muuguzi anayeijaza kadi angeweza kumuuliza mama swali moja tu: maji ya nyumbani mnayaweka kwenye nini, na je, chombo hicho kina mfuniko ambao mtoto hawezi kuufungua?

Lakini sababu iliyonifanya nikatae kabisa darasa lile ni nyingine, na nimechelewa kuitaja kwa sababu inanitia haya. Katika madarasa ya watoto wachanga mzazi ndiye anayeingia majini na kumshika mtoto, na mwalimu huelekeza tu. Mimi nimezaliwa na kukulia karibu na bahari, navuka kwa pantoni kwenda mjini karibu kila siku nikiwa na mtoto mgongoni, na sijui kuogelea. Kaka zangu walijifunza wenyewe wakiwa wadogo, wakicheza maji yanapokupwa, huku sisi wasichana tukiitwa ndani kusaidia kukuna nazi. Nilipowauliza akina mama kumi na wawili waliokuwa tayari kulipia watoto wao, wawili tu walijibu kwamba wanaweza kuelea. Hebu fikiria mama asiyejua kuogelea, amesimama katika maji ya kifuani kwenye sakafu yenye utelezi, na mikononi ana mtoto wa miezi minne aliyepakwa mafuta. Akiteleza, mwalimu mmoja atamwokoa nani kwanza?

Kwa hiyo jibu langu kwa jirani yangu, na kwa wazazi wengine walioniuliza, ni kwamba mtoto asubiri na mama aanze. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea kwa zaidi ya miaka kumi, wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima, na wengine kati yao wamekuwa walimu wa wenzao. Hivyo hoja ya mavazi, ambayo ndiyo ya kwanza kutajwa nikizungumza na wanawake wenzangu, imekwisha kupatiwa jibu. Kilichobaki ni bwawa na mwalimu. Niliyaulizia mabwawa matatu ya upande wetu, na yote yana saa za watoto na saa za wageni, lakini hakuna lenye saa ya wanawake watu wazima wanaoanza kabisa. Nawaomba wenye mabwawa watenge walau saa moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi kwa mfano, wakiwa na mwalimu mwanamke, kwa bei ambayo mama ntilie au mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuimudu. Tuko wanawake tisa tulio tayari kulipa ada ya mwezi mzima siku hiyo watakayotangaza, na mwanangu, ambaye sasa anasimama kwa kushikilia kiti, atakuwa ametimiza mwaka mmoja wakati mama yake anajifunza kuelea.

Mama wa watoto wawili,
Kigamboni, Dar es Salaam