Barua kwa mwanangu anayehamia benchi la makocha

Mwanangu,

Salamu za nyumbani. Nimesikia umepata nafasi ya kocha msaidizi wa mpira wa kikapu huko Kigali na unaondoka wiki ijayo. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Ila kuna jambo hukulitaja: kompyuta umenunua? Maana mdogo wako ameniambia umenunua raba jozi mbili. Kocha msaidizi wa nini na raba jozi mbili?

Umecheza klabu nyingi, kila moja msimu mmoja au miwili, na najivunia kwamba hakuna ulikoondoka kwa ugomvi. Hilo limekupa kazi, lakini halitakufanyia kazi. Mchezaji wa kuhamahama amepita kwa makocha wengi, ila mifumo yao anaijua kwa nafasi yake tu. Unajua wewe ulisimama wapi kwenye skrini, pale mwenzako anapomzibia mlinzi njia kwa mwili. Wale wanne wengine walitakiwa wawe wapi, hukuwahi kuulizwa. Pengo hilo linazibwa kwa video.

Mwangalie Ime Udoka. Hakuchaguliwa kwenye drafti, uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Akapita ligi ndogo ya Marekani, Ufaransa, Hispania, akaichezea Nigeria Kombe la Dunia la 2006, ndipo akatulia kidogo NBA, Portland na San Antonio. Mwaka 2012 akawa msaidizi wa Gregg Popovich, kocha wa San Antonio wakati huo, na hakupewa timu yake mpaka 2021, Boston walipomchukua. Miaka tisa anasaidia! Msimu wa kwanza tu akawafikisha fainali. Kabla ya msimu uliofuata klabu ikamsimamisha msimu mzima kwa kukiuka taratibu zake, na hilo nalo lisikupite, kwa sababu kocha anatazamwa hata nje ya uwanja. Darvin Ham naye alizunguka timu sita za NBA, akapata ubingwa na Detroit 2004, na ukocha mkuu wake wa kwanza ulikuwa ligi ndogo kule New Mexico. Lakers, timu ya NBA, walimkabidhi timu kuanzia 2022 hadi 2024. Wewe unamwambia mkeo kwamba ndani ya misimu miwili utakuwa kocha mkuu. Haraka ya nini?

Kazi yenyewe utakayopewa ni hii, na ndiyo maana nang'ang'ania kompyuta. Chukua mechi nne za karibuni za mpinzani. Kila moja itazame mara ya kwanza bila kusimamisha, ili ujue mwendo wao. Mara ya pili ndipo ukate vipande: wanachocheza baada ya taimauti, yaani mapumziko mafupi anayoomba kocha, mipira ya kurushwa kuingia uwanjani kutoka chini ya kikapu, na namna mchezaji mrefu wao anavyolinda skrini anayowekewa mwenye mpira, kama anapanda, anarudi nyuma au wanabadilishana. Kipande kiwe sekunde 10 hadi 15. Wachezaji usiwaonyeshe zaidi ya dakika 12; zikizidi wanaanza kutazama simu, na hilo unalijua kwa sababu ulikuwa mmoja wao. Faili liandike tarehe, jina la mpinzani na robo ya mchezo, la sivyo siku ya mechi utalitafuta wakati kocha mkuu amesimama mbele ya timu anakusubiri. Weka nakala kwenye diski ya pembeni, na ujaribu waya wa projekta jioni kabla ya kikao.

Kwenye benchi, sasa. Mama yako anakaa mezani, kwa waandika karatasi ya mchezo, kwa hiyo hili nisikilize vizuri. Orodha ya wachezaji inatufikia dakika 40 kabla ya mchezo, na kocha mkuu anasaini na kuonyesha watano wa kuanza dakika 10 kabla. Isome wewe kwanza, jina kwa jina na namba kwa namba. Anayesahaulika kwenye orodha hachezi, hata alie. Taimauti ni mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili, na za kwanza hazihamii za pili. Makocha wengi wanazibana zote tatu kwa ajili ya mwisho. Robo ya nne ikibaki dakika 2 hujaomba hata moja, sisi tunachora mistari miwili juu ya moja kwenye karatasi, unabaki na mbili. Mkumbushe mkuu wako ikibaki dakika 3. Na mkifungwa kikapu ndani ya dakika 2 hizo, mkaomba taimauti na kuchagua kurushia mpira nusu ya mbele, saa ya shambulizi inaanzia sekunde 14, si 24. Hesabu faulo za timu kwa kalamu; ya tano katika robo ni mitupo huru miwili. Anayeruhusiwa kusimama ni mmoja tu, mkuu au msaidizi wa kwanza. Akisimama yeye, wewe keti. Najua ulivyo na mdomo kwa marefa.

Goti lako lisikudanganye mazoezini. Usiingie kuziba pengo la mchezaji aliyechelewa, kwani ukiwa ndani ya uwanja huoni kitu, na siku goti likigoma hutakuwa mchezaji wala kocha.

Mkataba usiusaini ukurasa wa mwisho tu kama ule wa klabu iliyokula mishahara yako. Hakikisha una kifungu cha BAT, baraza la usuluhishi la kikapu lenye makao Geneva. Linapokea madai ya makocha pia, lakini kifungu lazima kiwe kimeandikwa na pande zote zimekubali. Mshahara uwe na tarehe ya kulipwa. Nitumie picha za kurasa zote kabla hujasaini.

Baba yako hasemi, ila amekata kila gazeti lililokuandika. Mwambie neno kuhusu mguu wake, mimi hanisikii.

Pampu ya kisima imekufa tena. Fundi anasema ni kapasita, anataka hela yote kwanza. Nimemwambia alete kifaa nikione, nimpe nusu, na nusu maji yakifika kwenye simtenki. Hela uliyoahidi ya pampu usiitume. Nunua kompyuta, sisi tutachota kwa jirani mpaka mwisho wa mwezi. Halafu jozi moja ya raba muachie mdogo wako, mguu wake sasa ni namba yako.

Mama yako