Kilo za pweza bila idadi ya waliokwenda hazisemi kitu

Ndugu Mhariri,

Taarifa za uvuvi wa pwani yetu ya Tanga hutolewa kwa kilo na tani. Pweza wameongezeka, pweza wamepungua, basi. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini hesabu ya namna hiyo, hata ikipigwa kwa uaminifu, haiwezi kumwambia mtu wa Kigombe wala wa Chongoleani kama mwamba wake umenona au unakwisha.

Chukua mwamba wa mfano. Tarakimu zote ni za kubuni, tumezichagua ziwe nyepesi. Ukiachwa bila kuguswa, mwamba huu hubeba kilo 10,000 za pweza. Na wakiwa wachache, huongezeka kwa kasi ya 0.8 kwa mwaka. Mlinganyo wa lojistiki, wa Mbelgiji Pierre-François Verhulst, ni wa mwaka 1838, na unasema nyongeza ya mwaka ni kasi hiyo, mara kilo zilizopo, mara sehemu ya nafasi iliyobaki. Zikiwepo kilo 8,000, nafasi iliyobaki ni 0.2, na 0.8 × 8,000 × 0.2 ni kilo 1,280. Zikiwepo kilo 2,000, nafasi iliyobaki ni 0.8, na 0.8 × 2,000 × 0.8 ni kilo 1,280 zilezile. Watu wakivuna ile nyongeza tu, kilo zilizopo hazibadiliki; kwa hiyo mwamba ulionona na mwamba uliokonda hutoa mavuno sawa mwaka baada ya mwaka, na daftari la mzani halioni tofauti yoyote.

Tofauti iko kwenye miguu ya watu. Mtafiti wa uvuvi Milner Schaefer, aliyeutumia mlinganyo huo kwa uvuvi mwaka 1954, alichukulia kwamba kila safari hutwaa sehemu ileile ya samaki waliopo. Tuseme sehemu hiyo ni 0.0005. Kwenye mwamba wa kilo 8,000 mtu anarudi na kilo 4, kwa hiyo zile kilo 1,280 ni safari 320. Kwenye mwamba wa kilo 2,000 anarudi na kilo 1, na kilo zilezile zimegharimu safari 1,280. Pweza akiwa Sh 8,000 kwa kilo, wa kwanza ana Sh 32,000 mkononi na wa pili ana Sh 8,000. Ndiyo maana tunasema suala hili ni la umaskini kama lilivyo la viumbe vya baharini: tani hazijapungua, ila nyumba zinalala njaa.

Mwaka huohuo wa 1954 mchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, alionyesha mwamba usio na mwenyewe huishia wapi. Watu huendelea kuingia hadi faida ya safari iishe. Ikiwa kibarua cha siku mjini ni Sh 8,000, basi watu hawataacha kwenda mwambani mpaka safari nayo ishuke hadi Sh 8,000, yaani palepale kwenye safari 1,280. Mavuno makubwa kabisa, kilo 2,000, yanapatikana kwa safari 800. Lakini pesa nyingi zaidi, ukishatoa thamani ya siku za watu, zinapatikana kwa safari 640 na kilo 1,920. Zile safari 160 za ziada zinaleta kilo 80 tu, nusu kilo kila moja. Kiongozi anayehimiza mavuno ya juu kabisa anawatuma watu juani kwa nusu kilo.

Sasa kuhesabu safari, na hapo ndipo kazi nyingi za kitafiti zinapoharibika. Karani hukaa kwenye mzani. Anayekwenda mwambani akaambulia patupu hapiti mzanini, anapita njia ya minazi kwenda kwake. Wakishuka watu 10, sita wakaleta kilo 18, daftari linasema kilo 3 kwa mtu; ukweli ni 1.8. Pweza wakipungua, wakashuka 10 na watatu wakaleta kilo 9, daftari bado linasema 3, na ukweli ni 0.9. Mwamba umepoteza nusu ya pweza wake na mstari wa mtafiti umenyooka kama rula. Dawa yake ni ndogo: wahesabiwe wanaoshuka, maji yanapoanza kupwa, na mtu wa kuhesabu akae njiani, si mzanini.

Siku za kuhesabu zifuate mwezi wa mbinguni. Kwa wanaotembea kwa miguu, pweza ni kazi ya bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mpevu ambapo maji hupwa sana; siku za maji mafu, yanapopwa kidogo, mwamba haufunuki vya kutosha. Bamvua hurudi kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi, kwa hiyo mwezi wa kalenda wenye siku 31 unaweza kubeba kilele cha bamvua mara tatu na unaofuata mara mbili. Anayejumlisha kwa Januari na Februari atatangaza kuporomoka kwa thuluthi nzima ambako hakukutokea. Jumlisha kwa bamvua. Ukishindwa kuhesabu kila siku, chukua siku tatu za kila bamvua, kuanzia siku ya mwezi mwandamo au mpevu, na uandike siku zote ambazo watu walishuka ili ujue uzidishe kwa ngapi.

Mwenye chuma cha kuchokolea anayetembea mwambani kwa saa mbili au tatu za maji kupwa, na mwenye miwani anayezamia ukingoni nusu siku, hawafanyi safari moja. Waandikwe kurasa tofauti, na saa zao pia. Daftari likiwachanganya, kijana mmoja akinunua miwani pweza wataonekana wamezaliana.

Mzani nao una tabia zake. Ule wa kuning'inia unalegea springi kwa chumvi na kutu. Kila Jumamosi pima dumu tupu, kisha tia lita 5 za maji baridi zilizopimwa kwa kopo la lita, upime tena: tofauti iwe kilo 5. Na daftari liseme kama pweza amepimwa mzima au ameshatolewa matumbo. Ndoo ipimwe tupu. Wengi husahau, na ndoo iliyolowa ya nusu kilo chini ya pweza wa kilo 3 ni kosa kubwa.

Kanuni za uvuvi za mwaka 2009 zinakataza pweza chini ya gramu 500. Mtafiti anawahitaji sana hao wadogo kwenye hesabu yake, maana wingi wao unaonyesha kizazi kipya kimeingia. Lakini daftari linalotumika kumkamata mtu litajaa uongo kabla ya mwezi kwisha. Afisa wa doria na karani wa takwimu wasiwe mtu mmoja, wala wasishike daftari moja.

Hata safari zikihesabiwa vizuri, pweza ana ujanja wake. Hukaa mapangoni, na mvuvi mzoefu anayajua mapango mazuri kama anavyojua milango ya jirani. Ukimtoa aliyemo, mwingine huhamia kutoka pango baya. Kwa hiyo kilo kwa safari hubaki juu kwa muda huku mwamba wa pembeni ukiwa mtupu, kisha huanguka ghafla. Andika pia mapango mangapi yalikaguliwa na mangapi yalikuwa na pweza. Swali hilo huchukua nusu dakika, na huonya mapema kuliko mzani.

Jambo la mwisho la hisabati ndilo linalosahaulika zaidi. Mstari wa kilo kwa safari unaoshuka tu, mwaka hadi mwaka, hauwezi kutenganisha mwamba mkubwa wenye pweza wa kuongezeka polepole na mwamba mdogo wenye pweza wa kuongezeka haraka. Kompyuta itatoa jibu, tena lenye desimali nne, lakini majibu mengine kumi yatalingana na takwimu vilevile. Ili kuyatenganisha, uvuvi lazima ushuke na kupanda. Hapo kufunga mwamba kwa muda, kama walivyoanza Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, kunaleta kitoweo na elimu pia. Pweza huyu wa miamba yetu huishi mwaka mmoja na kidogo, hukua haraka, na jike hulinda mayai pangoni bila kula, kisha hufa yakishaanguliwa. Hivyo miezi michache huonekana kwenye mzani. Ila mwamba wa jirani usiofungwa lazima uhesabiwe siku zilezile, la sivyo hatutajua kama kilichowaleta pweza ni kufuli au ni kaskazi. Na hesabu isiishie siku ya kufungua. Siku hiyo kila mtu yuko mwambani, kilo zinatisha, na picha zinapigwa; tunachotaka kujua ni bamvua ya tatu na ya nne baada yake.

Tuongeze tahadhari dhidi ya mlinganyo wetu wenyewe. Unadhani mwamba unajizalia. Vichanga vya pweza huelea wiki kadhaa, na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini, kwa hiyo mayai ya Kigombe yanaweza kuwa pweza wa Mkinga au wa ng'ambo ya mpaka. Kijiji kimoja hakiwezi kudai faida yote ya kufuli lake, wala kubeba hasara yote peke yake. Mlinganyo pia haujui nani ni nani. Mwamba wa karibu ukifungwa, mwenye ngalawa huenda mwamba mwingine. Mama anayeshuka kwa miguu hana mwamba mwingine. Safu ya "nani", mwanamke au mwanamume, mwenye chombo au asiye nacho, iwe kwenye daftari tangu siku ya kwanza, maana haiwezi kukumbukwa baadaye.

Mtafiti kutoka nje ya nchi hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia kupata kibali, na kijijini hupokewa na BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi wa pwani yao. Tungependa BMU nazo ziwe na sharti moja kabla ya kufungua daftari: karatasi zijazwe kwa nakala mbili, ya juu iende na mtafiti, ya chini ibaki mwaloni. Na ukutani pa ofisi uchorwe mstari mmoja wa kilo kwa safari, nukta moja kila bamvua, kwa makaa au rangi, na asiyepata kitu awe amehesabiwa.

Wasomaji wenu,
Chumbageni, Tanga