Kiapo Chako Nakurudishia: Barua kwa Mdogo Wangu Aliyeacha Pombe

Mdogo wangu,

Nimeupata ujumbe wako kwamba umefikisha siku 41 bila kugusa pombe, na kwamba safari hii unaapa hutarudi tena. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kiapo, hata hivyo, nakurudishia. Mimi niliapa mara nyingi mno, mara moja nikiwa nimepiga magoti mbele ya mama, na jioni ileile nililetwa nyumbani nikiwa nimebebwa. Wala sikuwa nikimdanganya, kwa maana kila neno nililolitamka nilikuwa nikiliamini. Kiapo huapwa asubuhi, kichwa kikiuma na aibu ikiwa bado mbichi, ilhali kiu huja jioni, wakati aibu imekwisha kupoa.

Kuna jambo moja nitalisema kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii, kwa kuwa wewe umeshalivuka. Mtu anayekunywa kila siku, anayezimua asubuhi ndipo mikono iweze kushika kikombe, asiache ghafla peke yake chumbani kwa kutaka kuonyesha ushujaa. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe hubaki umechachamaa inapoondolewa: jasho na kutetemeka huanza ndani ya saa chache, degedege huweza kumpata ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha huenda akaanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo, hali ambayo isipotibiwa huua. Hospitalini kuna dawa za kumvusha salama, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi huwa wamepungukiwa nayo. Watu huogopa zaidi arosto ya heroini, yaani maumivu ya kuiacha, na kweli ni mateso, lakini pombe ndiyo yenye sifa mbaya zaidi ya kuua kwa kuachwa vibaya.

Sasa nirudi kwako. Umelalamika kwamba hulali, kwamba mpira hauna utamu na mazungumzo ya watu yanakuchosha, ukaniuliza kama maisha ya mtu asiyekunywa ndiyo haya. Hapana, siyo haya. Kwa miaka mingi pombe ilikuwa ikiumwagia ubongo wako dopamini, kemikali inayohusika na raha, kupita kiasi, nao ukajihami kwa kupunguza usikivu wake, ndiyo maana furaha ndogondogo za kawaida hazikufikii bado. Usikivu huo hurudi polepole, kwa miezi, na usingizi nao huchelewa vivyo hivyo. Laiti mtu angeniambia hivyo mwanzoni, kwa sababu mimi nilidhani nimebadilishana ulevi na huzuni ya kudumu, nikaona biashara hiyo hainilipi. Tamaa ikikuzidi, muulize daktari kuhusu naltreksoni, dawa iliyoidhinishwa Marekani kwa tiba ya uraibu wa pombe tangu mwaka 1994. Kumeza kidonge si kukosa imani, wala si kudanganya katika mtihani.

Kilichoniangusha mimi hakikuwa msiba. Kilikuwa saa 11 jioni. Pombe ilikuwa ikinilia muda wa saa 5 au 6 kila siku, na ilipoondoka iliniachia saa hizo zote tupu, nami nikakaa nazo sebuleni nikisikiliza saa ya ukutani. Mwezi wa 7 tangu niache, mtu aliyekuwa na deni langu akanilipa saa 10 na nusu jioni. Kabla ya kiza kuingia nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha zamani, na mhudumu hakuniuliza ninakunywa nini. Kwa hiyo usiniambie utakuwa na moyo wa chuma. Niambie saa 11 utakuwa wapi, na nani, fedha zako zitakuwa mkononi mwa nani, na njia gani utapita ukitoka kazini. Mtu akikukaribisha kinywaji, jibu kwamba hutumii, basi; ukianza kueleza sababu umeshafungua mjadala, na katika mjadala wa pombe mimi na wewe hatujawahi kushinda.

Ulisema pia kwamba vikao vya walioacha vinakutia haya. Mwaka 1935 Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha kwa miezi michache tu, alijikuta peke yake hotelini mjini Akron, Marekani, biashara iliyompeleka huko imeharibika, na baa ikimwita. Alikwenda kwenye simu, akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akakutanishwa na daktari aliyeitwa Bob Smith. Daktari akaacha, wiki chache baadaye akateleza, kisha akaacha tena, na siku inayohesabiwa kuwa ndiyo mwanzo wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, tarehe 10 Juni 1935, ni ile aliyokunywa kwa mara ya mwisho baada ya kuteleza huko. Kwa hiyo ukiteleza nipigie usiku uleule, ulimi ukiwa bado mzito. Usisubiri uwe safi ndipo unitafute.

Kuhusu watoto wako, ambao unasema bado hawakuamini: waache. Binti yangu alikuwa na tabia ya kunyamaza kila nilipofika mlangoni, akisikiliza jinsi ninavyovua viatu, kwa kuwa kiatu kilichotupwa kilimwambia baba amerudi akiwa nani. Niliacha pombe, yeye akaendelea kusikiliza karibu miaka 2, nami sikuwa na haki ya kumkataza. Siku moja nilivua viatu naye akaendelea kuimba chumbani mwake, wala hakujua kwamba nimesimama pale mlangoni, kiatu kimoja mkononi, nikiogopa kusogea.

Jumamosi nitakuja kwako saa 11 kasoro robo. Vaa viatu vya kutembelea, na usinipikie chochote.

Kaka yako