Kaka, namba ya tatu nayo inagombaniwa

Kaka salama?

Mi huku mzima, baridi ya Milwaukee imeshaanza kubisha hodi ila bado hatujafika kwenye makoti mawili. Voisi yako niliisikiliza nikiwa kazini nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akanitolea macho. Nilitaka nikujibu kwa voisi ila nakujua we, ikizidi dakika tatu tu unaanza kulalamika, bora nikuandikie usome taratibu ukiwa kwenye daladala. Umesema kwenye huu mpira wa Kimarekani mtu mzima anapigania vipi kuwa resiva (mdakaji wa pasi) WA TATU, kwamba hiyo ni sawa na magolikipa wanaogombania kuwa kipa wa tatu, wa kubeba chupa za maji tu. Hapo ndo ulipokosea mzee, tena sana.

Iko hivi. Huu mpira wao wanaingia 11 kila upande kama sisi. Kwenye hao 11 wa timu inayoshambulia mmoja ni kwotabeki, ndo mrushaji, af kuna mijitu mitano mbele yake ambayo kazi yake kumlinda asiangushwe, hayo kwa kawaida hata pasi hayaruhusiwi kudaka. Wamebaki watano. Siku hizi timu nyingi zinaweka mkimbiaji mmoja wa kubeba mpira, taitiendi mmoja ambaye nusu anazuia nusu anadaka, na waliobaki watatu ndo maresiva wenyewe. Yaani huyo wa tatu unayemcheka yuko kwenye kikosi cha kwanza bana, kwa timu inayopenda kurusha mpira anacheza sehemu kubwa ya mechi. Wa nne na wa tano ndo hao wa benchi, na hata wao hawakai bure, wanatumwa kwenye spesho timu kukimbia kama vichaa kila mpira ukipigwa kwa mguu.

Na kuna kingine, mpinzani akiona maresiva watatu wameingia anatoa jitu lake moja la katikati anaingiza beki mwepesi, sasa yule beki mara nyingi ndo dhaifu kuliko wenzake, na mabeki wazuri wote wako bize na wale wawili wakubwa. Kwahiyo wa tatu anakutana na upenyo ambao wa kwanza hauoni msimu mzima. Ukiwa na kwotabeki mwenye macho, huyo wa tatu anakuumiza vibaya mno.

Sasa ngoja nikupe kisa cha Green Bay Packers maana ndo timu ya huku kwetu Wisconsin na ndo ugomvi uliofanya mi nianze kuufuatilia huu mchezo. (Hii timu si ya tajiri mmoja, ni ya wananchi wenye hisa, na Green Bay ni mji wa watu laki moja hivi tu. Ungeipenda.)

2014 mwanzoni James Jones mkataba wake uliisha akaenda Oakland Raiders. Huyo si mtu wa mchezo, 2012 aliongoza ligi nzima kwa tachidauni za kudaka (kuufikisha mpira mpaka mwisho wa uwanja, ndo goli lao), 14. Wakabaki Jordy Nelson na Randall Cobb, hao namba zao hata mtoto alikuwa anajua hazigusiki. Kiti cha tatu kikawa wazi. Wa kwanza kukitolea macho alikuwa Jarrett Boykin.

Boykin nilikuwa namkubali sana kaka, na sababu yenyewe ni alikotokea. Alicheza chuo cha Virginia Tech vizuri tu, ila 2012 siku ya drafti, ile siku timu zinachagua vijana wa vyuoni kwa zamu raundi saba, hakuna aliyelitaja jina lake. Zote saba zikapita. Akaenda kujaribu Jacksonville wakampiga chini fasta, Packers wakamuokota. Mwaka wa kwanza hakuonekana. Oktoba 2013 Cobb akavunjika mguu kwenye mechi ya Ravens, Jones naye akaumia mechi hiyohiyo, yaani timu haina watu kabisa, ikabidi aingizwe Boykin. Wiki iliyofuata dhidi ya Cleveland akadaka pasi 8 za yadi 103 na tachidauni juu. Msimu ukaisha ana pasi 49, yadi 681. Kwa mtu ambaye hakuchaguliwa na yeyote!

Af kuna ile ya Chicago mechi ya mwisho ya msimu, Desemba 29, hii nenda kaitafute YouTube. Rodgers, kwotabeki wa Packers, anataka kurusha, Julius Peppers wa Chicago anampiga, mpira unadondoka chini, wachezaji wote wa pande zote mbili wanajua ni pasi imekosa wanasimama tu. Filimbi haijapigwa. Boykin anauokota mpira, anasimama nao vilevile anashangaa, benchi zima linampigia kelele kimbia wewe, ndo anazinduka anakimbia nao mpaka ndani. Tachidauni. Packers walishinda 33-28, na ushindi huo ndo uliowapeleka mtoano. Bila ile zawadi sijui.

Kwahiyo 2014 ukiniuliza mimi, namba ilikuwa yake. Sasa Mei, Packers kwenye raundi ya pili, chaguo la 53, wakamchukua kijana wa Fresno State anaitwa Davante Adams. Dogo chuoni msimu wake wa mwisho alidaka pasi 131 na tachidauni 24, namba za kutisha. Na hawakuishia hapo, raundi ya tano wakamchukua Jared Abbrederis, mtoto wa hapahapa Wisconsin, kila mtu alimtaka afanikiwe, na raundi ya saba Jeff Janis kutoka kachuo kadogo ambako hata wenyeji wa huku wengi hawakujui. Niambie hapo Boykin unalala vipi?

Kambi yao ina raha yake. Wachezaji wanabadilisha nguo uwanjani Lambeau Field, af uwanja wa mazoezi uko upande wa pili, na watoto wa mjini wanakuja na baiskeli zao, basi mchezaji anachukua baiskeli ya mtoto anapanda yeye, jitu la kilo mia na nusu kwenye kabaiskeli kadogo, mtoto anakimbia pembeni amembebea helmeti. Tangu zamani wanafanya hivyo. Ila usidanganyike na vicheko, kambini wanaanza watu 90 na wanabaki 53. Abbrederis alichanika goti mapema tu mazoezini, msimu wake ukaishia pale kabla haujaanza.

Mechi ya kwanza ya ligi wakaenda Seattle, Septemba 4, mabingwa watetezi, na Boykin ndo alikuwa wa tatu. Hii mechi inaniuma mpaka leo. Seattle walikuwa na beki anaitwa Richard Sherman, mdomo mkubwa na uwezo mkubwa pia, na yeye alikuwa anakaa upande mmoja tu hahami. Cobb kazi yake ni katikati, kwahiyo wa kwenda pembeni ni Nelson na huyo wa tatu. Kocha Mike McCarthy akaona nini, Jordy asihangaike na Sherman, mpeleke kule mwingine. Boykin akatumwa kwa Sherman. Na Rodgers mechi nzima hakurusha upande ule hata mpira mmoja, wamepigwa 36-16, na jamaa jioni nzima anakimbia anarudi, anakimbia anarudi, mpira hauji. Yaani alifanya alichoambiwa, alitolewa chambo ili mwenzake apumue, ila kwenye karatasi ya takwimu inasomeka kama hakucheza.

Wiki zilizofuata dogo Adams akaanza kupewa dakika zaidi. Boykin akaumia, akarudi, akakuta kiti kimeshakaliwa. Msimu mzima akadaka pasi 3. Tatu kaka, kutoka 49.

Sasa mi simsemi vibaya Adams, uwezo alikuwa nao hata kipofu angeuona. Oktoba Miami, zimebaki sekunde chache, Rodgers anajifanya anaupiga mpira chini kusimamisha saa, kila mtu amelegea, kumbe anamrushia Adams pembeni, dogo wa mwaka wa kwanza ndo alikuwa macho, akadaka akakimbia akatoka nje karibu kabisa na mstari. Mpira uliofuata ni tachidauni, wakashinda 27-24. Novemba wakaja New England Patriots ya Tom Brady pale Lambeau, mabeki wa Patriots wamekomaa na Nelson na Cobb, mtoto akadaka 6 za yadi 121. Na ile ya mtoano na Dallas Januari 2015, ambayo watu wote wanakumbuka kwa ile pasi ya Dez Bryant wa Dallas iliyokataliwa, watu wanasahau kwamba siku ile wa tatu ndo alikuwa bora kuliko wote: pasi 7, yadi 117, na tachidauni ya yadi 46 ambayo aliwaacha mabeki nyuma. Zote mbili ziliisha 26-21 halafu, ya Patriots na ya Dallas, mpaka leo huwa nazichanganya.

Umeona sasa wa tatu anafanya nini? Yule anayebeba chupa za maji hahaha.

Ila hoja yangu yenyewe iko hapa, nisikilize vizuri. Mwaka uliofuata, 2015, Jordy Nelson akachanika goti kwenye mechi ya maandalizi kule Pittsburgh, Adams akapandishwa ghafla. Na akaharibu. Kifundo kilimuuma ni kweli, ila mipira alikuwa anaidondosha, mingine imemkuta kifuani kabisa, akamaliza na pasi 50, yadi 483, tachidauni MOJA. Nakwambia mtaani huku walikuwa wanamtukana, kinyozi wangu alikuwa anataka auzwe hata kwa bei ya kutupa. Bahati yao kabla ligi haijaanza walishamrudisha James Jones yuleyule aliyekuwa ameondoka, na mzee wa watu akaja akawafungia tachidauni 8.

Sasa jiulize, kwanini Adams hakupigwa chini? Kwasababu ni raundi ya pili bana. Ana mkataba wa miaka minne, meneja aliyemchagua jina lake limefungwa pale, ukimtoa mapema umekiri ulichemka. Kwahiyo wakamvumilia mwaka mzima wa kudondosha mipira. Boykin hakudondosha namna ile, alipewa Sherman jioni moja na jeraha moja, uvumilivu ukaisha. Mkataba wake ulipofika mwisho hawakumuongezea, akaenda Carolina, wakamkata kabla ligi haijaanza. Watu watakwambia si umeona, walikuwa sahihi, maana Adams 2016 alirudi na yadi 997 na tachidauni 12, na 2020 akafunga 18, akawa pengine resiva bora ligi nzima. Sawa, walikuwa sahihi kwa Adams. Lakini huyo Adams wa 2015 angekuwa hakuchaguliwa na mtu kwenye drafti, unadhani huyo wa 2020 tungemuona? Mi nasema hapana, na kinyozi wangu tumeshabishana hili mpaka mteja wa nyuma akaondoka.

Na Janis je, yule wa kachuo kadogo? 2015 msimu mzima wa ligi alidaka pasi 2. Mtoano kule Arizona Adams kaumia, Nelson hayupo, Cobb katoka katikati ya mechi, wamebaki mabaki matupu. Janis akadaka 7 za yadi 145 na tachidauni mbili, ya pili Rodgers ameurusha juu tu saa imeisha, yadi 41, mabeki wawili wamemng'ang'ania, akauchukua. Wakasawazisha. Wakafungwa kwenye muda wa nyongeza 26-20 lakini hiyo si kesi yake. Ungedhani mwaka unaofuata namba anayo? Hakuna, Nelson akarudi, Adams akaamka, yeye akarudishwa kulekule spesho timu. Huyo naye raundi ya saba, ongezea kwenye hesabu zako.

Kwahiyo msimu ukianza tena ukienda kwa yule jamaa yako mwenye king'amuzi cha michezo, usimwangalie kwotabeki muda wote kama watalii. Angalia nani amesimama pembeni upande wa pili wa nyota wao, na uangalie kama mpira unaenda kwake au anakimbizwa bure.

Jezi uliyosema nimeiona dukani, namba 17 ya Adams zipo hata za zamani za bei rahisi, ya Boykin 11 usiniombe maana hata mtandaoni sijaiona. Kuna dada anakuja Dar mwezi wa kumi na mbili ana nafasi kwenye begi, niambie saizi mapema, na usiniandikie "M" wakati tumbo tumeliona kwenye picha za harusi ya Rama. Shem na watoto wasalimie, mama mwambie ile dawa ya mgongo nimeipata, itakuja kwenye begi hilohilo.

Wako,
mbishi wa Milwaukee