Kwa wanangu mnaopanda Kibosho Desemba hii

Wanangu wapendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tuliobaki tu wazima, na tunawangoja kama kila mwaka. Njooni wote, pamoja na wakwe zetu na wajukuu. Safari hii nina neno moja: angalieni mnachopakia kwenye buti.

Huku juu mlimani Kilimanjaro hakuna gari la taka. Mlioko Dar mmezoea kuacha kiroba getini, asubuhi hamkioni, mmelipa ada yenu na maisha yanaendelea. Hapa kiroba hicho nabaki nacho mimi. Kihamba cha babu zenu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hakikuwa na jalala kwa sababu kila kilichotoka jikoni kilikuwa na mlaji wake. Maganda ya ndizi na machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, yalikwenda kwa ng'ombe, samadi ikarudi kwenye mashina ya migomba na mibuni, majivu nayo yakamwagwa shambani. Hakuna aliyeita hiyo elimu ya mazingira.

Sasa ng'ombe hali chupa ya maji. Mbuzi, kwa bahati mbaya, hula nailoni. Januari iliyopita jirani alichinja mbuzi wake aliyekuwa akikonda bila kuharisha wala kukohoa. Tumboni likatoka bonge la mifuko iliyosokotana na majani, gumu kama mpira wa makaratasi wanaochezea watoto. Tulipolichana, maandishi ya mfuko wa mkate yalikuwa bado yanasomeka. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini hivi vilaini vya kufungia mkate na nyanya bado mnavileta kwa wingi.

Kuna wanaosema tuchome. Moshi wa plastiki ni sumu, na anayeuvuta ni mtoto anayecheza pale uani. Kutupa korongoni ndiyo kabisa msiniambie: mvua za masika zikianza, vyote vinashuka mtoni kwa watu wa chini.

Kwa hiyo sahani za kutupa ziacheni hukohuko. Kikundi cha kina mama hapa kina sahani, vikombe na masufuria ya kukodisha, na hela mnayolipa inabaki kijijini. Kama aibu ni kuosha vyombo, wakwe wenyewe wataosha, mimi nawajua. Soda chukueni za chupa za kioo, kwa kreti, Mangi mwenye duka hapa njiani anazipokea zikiisha. Mbege ina kata yake ya kibuyu ya kunywea.

Chakula msibebe kutoka Dar. Piteni soko la Mbuyuni pale Moshi mjini, na vikapu vyenu mkononi, mnunue cha siku mbili tatu. Mchele mtapimiwa, maharage mtapimiwa, mafuta ya kupima mje na chupa yenu. Na nyama tuhesabu vichwa kwanza. Kila mwaka mnachinja kwa fahari, halafu tarehe 27 pilau imechacha na friji yangu ndogo haifungi. Kiporo ni chakula, msiwafundishe watoto kukinyanyapaa.

Chupa za plastiki mtakazolazimika kuja nazo, nitaning'iniza salfeti nyuma ya banda la ng'ombe. Wekeni humo, na mnaposhuka mshuke nayo. Mjini wapo wanaozinunua kwa kilo. Hiyo ni zamu ya wenye magari makubwa, mnajijua.

Limebaki la pampas, ambalo hakuna anayetaka kulisema mezani. Haziozi, mbwa wanazifukua, na chooni zinaziba shimo. Za njiani sawa, lakini mkifika mtoto avae nepi ya kitambaa. Maji yapo na kamba ya kuanikia ipo. Anayekuja na mtoto mchanga anipigie kabla ya katikati ya mwezi, kuna khanga zangu za zamani nataka kuzikata.

Mama yenu mkubwa,
Kibosho