Barua kwa Mwanangu Rehema, Mfasiri wa Anime

Tanga

Mwanangu mpenzi Rehema,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Sisi huku hatujambo, mama yako hajambo, na bibi yako anakuombea dua kila baada ya sala. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba kurasa za tafsiri yako ya anime, yaani katuni za Kijapani, ulizonitumia nimezipata kwenye simu, nikampelekea kijana wa stesheneri akanichapia, maana siwezi kusahihisha maandishi nisiyoyashika mkononi, na kwa siku nne nimekaa nazo barazani nikizisoma na kuzirudia. Ulichoniomba ni kifupi: "Baba, nisahihishie Kiswahili." Nimekisahihisha. Hata hivyo, kuna jambo moja lililo kubwa kuliko makosa ya sarufi, nalo ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kukupigia simu.

Katika ukurasa wa pili, wanafunzi wawili wamemaliza kufagia darasa, jioni imeingia, na mmoja anamwambia mwenzake neno la kuagana, nawe ukaandika "Kazi nzuri". Nilikwama hapo muda mrefu. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayemuaga mwenzake aliyechoka kwa kumwambia "kazi nzuri", kana kwamba yeye ni mkaguzi wa elimu aliyekuja na daftari lake. Nilipokuuliza Kijapani kinasemaje, uliniambia ni *otsukaresama*, na kwamba ndani ya neno hilo mmekaa uchovu, yaani msemaji anakiri kuwa mwenzake amechoka kwa kazi na anamheshimu kwa uchovu huo. Mwanangu, hiyo ni "pole na kazi". Wajapani wanalo neno hilo na sisi tunalo, na kila siku tunaambiana njiani, shambani na mlangoni. Wasiokuwa nalo ni Waingereza. Nikaelewa mara moja kilichotokea: pamoja na miaka miwili unayosoma Kijapani, ulikuwa umeyaweka mbele yako maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha, ukayafasiri hayo.

Tangu uhamie Los Angeles nimejitahidi kusoma habari za hao mashabiki wa anime unaokaa nao, kwa sababu nilitaka kujua mwanangu yuko katika jamii ya watu gani. Huenda mengi ya haya unayajua kuliko mimi, ila nataka uyaone kwa macho yangu.

Katika mji huohuo unaoishi wewe, mwezi wa Mei 1977, watu wachache, Fred Patten akiwa mmoja wao, walianzisha Cartoon/Fantasy Organization, klabu ya kwanza ya anime nchini Marekani. Watoto wa Kimarekani walikuwa wameanza kuziona katuni za Kijapani tangu 1963, pale Astro Boy ya mchoraji Osamu Tezuka ilipoingia katika televisheni zao, lakini walizipokea zikiwa zimekwisha kuvalishwa Kiingereza, na wengi wao walikua bila kujua zilikotoka. Waliokuja kuanzisha klabu waliziona kwa njia nyingine. Vituo vidogo vya televisheni vilivyohudumia Wajapani wa Marekani vilirusha vipindi vya maroboti makubwa kwa Kijapani chenyewe, na miaka hiyohiyo mashine za kurekodi kanda za video zikaanza kuingia majumbani. Tena mfumo wa televisheni wa Japani na wa Marekani ulikuwa mmoja, NTSC, kwa hiyo kanda iliyorekodiwa Tokyo ilionekana vizuri Los Angeles. (Huku tulitumia PAL, nami nakumbuka jinsi kanda zilizoletwa kutoka Marekani zilivyokataa kabisa kuonyesha picha katika mashine zetu.) Mashabiki wa pande mbili za bahari wakaandikiana barua na kubadilishana kanda, Wamarekani wakituma vipindi vyao kama Star Trek, Wajapani wakituma anime.

Hebu kifikirie chumba cha mikutano yao. Watu wameketi wanatazama kisa ambacho hawaelewi maneno yake, na mmoja wao aliyesoma muhtasari, au anayejua Kijapani kidogo, anawaeleza wenzake kinachoendelea. Wajapani wenyewe, zama za filamu zisizokuwa na sauti, walikuwa na watu maalumu wa kazi hiyo walioitwa *benshi*, wasimuliaji waliosimama kando ya skrini, na baadhi yao walipata sifa kuliko hata waigizaji.

Mimi chumba hicho nakijua, Rehema, na hili sijapata kukusimulia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwalimu kijana ambaye mshahara wake haukufika mwisho wa mwezi, nilikuwa nikifanya ukalimani jioni katika banda moja la video. Watu walikaa kwenye mabenchi, wengine sakafuni, nami nilisimama pembeni ya televisheni nikiwaeleza filamu za Kihindi. Kihindi sikukijua. Nilichokifasiri ni maandishi ya Kiingereza yaliyopita upesi chini ya picha, kwa hiyo watazamaji wangu walipata kivuli cha kivuli. Jioni moja watoto wengi walikuwa wamekaa mstari wa mbele, na katika filamu walikuwamo wapenzi wawili ambao mapenzi yao yalianza mapema sana kwenye kisa, nami kwa aibu nikawatangaza kuwa ni kaka na dada. Kisa kikaendelea, na kila kilipoendelea niliongeza uongo mwingine ili kuulinda ule wa kwanza, hadi mwisho, ambapo kijana yule alikufa kwa ajili ya binti yule na watu wakabaki wanashangaa ndugu gani hawa. Mzee mmoja aliyekulia mtaa mmoja na Wahindi na aliyekijua Kihindi vizuri alinisubiri mlangoni, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, leo umetunyima filamu."

Maneno hayo hayajanitoka hadi leo, na ndiyo niliyoyakumbuka niliposoma yaliyofanyiwa anime ilipoingia Marekani. Katika Star Blazers, iliyoonyeshwa huko mwaka 1979, daktari wa chombo cha angani aliyependa pombe ya mchele alisemwa kuwa anakunywa maji ya chemchemi. Mwaka 1985 visa vitatu visivyohusiana viliunganishwa kuwa kimoja cha vipindi 85 kilichoitwa Robotech. Katika Sailor Moon, wasichana wawili ambao katika kisa cha Kijapani ni wapenzi walifanywa binamu katika Kiingereza. Nilipofika hapo niliweka simu chini, maana lilikuwa kosa langu lilelile. Siwahukumu wote waliofanya hivyo, kwani walikuwa wakiuza vipindi kwa vituo vya televisheni vilivyokuwa na masharti yake, na Wamarekani wengi wanakiri kwamba Robotech ndiyo iliyowaingiza katika mapenzi haya. Lakini picha hubaki palepale, na jicho la mtoto huona kwamba maneno na picha haviendi pamoja.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa Pokémon, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1998. Mhusika anashika *onigiri*, na sauti ya Kiingereza inasema kuwa ni maandazi yenye jemu. Sasa fikiria mfasiri wa Kiswahili anayepitia Kiingereza: ataandika "maandazi ya jemu", na mtoto wa Tanga atatazama kitu cheupe chenye ukanda mweusi, asijue aamini jicho au sikio. Mfasiri akitoka Kijapani moja kwa moja, atasema ni tonge la wali lililofungwa kwa mwani, na hakuna atakayehitaji maelezo, kwa sababu wali tunaula na mwani tunaulima katika pwani hii.

Waliorekebisha mambo hayo ni mashabiki wenyewe, na hapa ndipo ninapowapenda watu wako. Kuelekea mwisho wa miaka ya themanini, wanafunzi na wafanyakazi wa kawaida, wengi wao waliojifunza Kijapani kwa sababu ya anime, walianza kutafsiri vipindi na kuyabandika maandishi juu ya picha kwa kompyuta za Amiga zilizounganishwa na mashine za video. Aliyetaka nakala alituma kanda tupu na gharama ya posta, akarudishiwa kanda iliyojaa. Ndani yake waliandika kwamba haiuzwi wala haikodishwi, na desturi yao ilikuwa kuacha kuisambaza mara kampuni ya Marekani iliponunua haki. Walikesha kwa ajili ya watu wasiowajua, wakihangaikia neno moja la salamu. Miongoni mwa kampuni zilizozaliwa na moyo huo ni AnimEigo ya North Carolina, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambayo iliambatanisha na kanda zake maelezo ya maneno na mila ambazo Mmarekani asingezijua. Mfasiri akishindwa kuhamisha jambo, alikiri na kulieleza, badala ya kulificha.

Hata manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, zilipita njia hiyo. Zamani wachapishaji wa Marekani walizigeuza kurasa kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto, hata wapiganaji wakaonekana wanashika panga kwa mkono wa kushoto. Mwaka 2002 kampuni ya Tokyopop iliamua kuzichapisha kama zilivyo, kutoka kulia kwenda kushoto, na vijana wa Marekani wakajifunza kusoma hivyo bila taabu. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka babu yako na tenzi zake zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, akiufuata mstari kwa kidole kutoka kulia. Ukifika wakati wa kutafsiri manga, usikubali mtu akugeuzie ukurasa.

Umeniambia kwamba mwezi wa Julai utakwenda Anime Expo, mkutano wa mashabiki wa anime, na wenzako wa chuoni. Mkutano huo ulianza mwaka 1992, baada ya ule wa San Jose wa mwaka 1991, na leo unawakusanya hapo Los Angeles zaidi ya watu 100,000. Nenda, mwanangu, na vazi ulilolishona ulivae. Mama yako ameiona picha na amesema mishono ya mabega imekaa sawa.

Kuhusu swali lako kama uzitundike tafsiri zako hewani, jibu langu ni kwamba usizitundike kabla ya kumwandikia mwenye haki. Crunchyroll, tovuti ya kutazamia anime, ilianza mwaka 2006 kwa vipindi ambavyo watu walivipandisha bila ruhusa, ikaingia mikataba halali kuanzia mwaka 2009, na mwaka 2021 Sony ikainunua kwa dola bilioni 1.175. Zama za kanda na bahasha zimepita, na pia sitaki wachoraji wa Japani, ambao najua wengi wao hulipwa kidogo mno, wapunjwe na mtoto wangu. Waandikie, uwaonyeshe vipindi viwili vilivyofasiriwa vizuri, uwaeleze kwamba wapo watu wengi wanaosoma Kiswahili ambao hakuna aliyewafikiria. Wakikataa, utakuwa na kazi yako mkononi na utawaandikia tena.

Sasa nirudi kwenye kurasa zako. Nimetumia kalamu nyekundu kwa sababu ndiyo niliyoizoea, usiione kama ukali. Pale mdogo mtu anapomwita kaka yake *onii-san*, Kiingereza kimeweka jina la kaka, nawe ukalifuata. Sisi hatumwiti kaka yetu mkubwa kwa jina tupu, na Wajapani pia hawafanyi hivyo. Andika "kaka". Pale wanafunzi wanapomwita *sensei*, umeandika "Bwana Tanaka" kama Kiingereza kilivyoandika. Nimefundisha kwa miaka 34 na sikumbuki mwanafunzi aliyeniita Bwana. Weka "Mwalimu Tanaka", au "Mwalimu" peke yake. Mtoto anapoingia nyumbani na kusema *tadaima*, na mama akajibu *okaeri*, Kiingereza kimehangaika kwa maneno marefu, ilhali kwetu yanatosha "Nimerudi" na "Karibu". Ukurasa wa tano ni mzuri sana, sikuugusa. Maneno ya bibi kizee yule akiwa kitandani umeyasikia kwa Kijapani, naona, kwa sababu hayana harufu ya Kiingereza hata kidogo, na mama yako alipoyasoma alinyamaza kwa muda.

Limebaki neno moja lililonishinda. Katika ukurasa wa saba, mstari wa tatu, msichana anamwita yule mvulana wa darasa la juu *senpai*, yaani aliyemtangulia shuleni, nawe ukaandika "wewe". Haliwezi kuwa "wewe". Nimelifikiria "kaka", nimelifikiria "mkubwa wangu", nimewauliza walimu wenzangu wawili tuliostaafu pamoja, na kila mmoja ametoa neno lake. Nimelikata kwa kalamu na kuacha nafasi tupu. Funga maandishi ya Kiingereza, sikiliza sauti yake peke yake mara kadhaa, kisha uniandikie kama analitamka kwa adabu tu au kuna jambo jingine ndani yake, ndipo tutakapojua tutafute neno la namna gani.

Wasalaam,

Baba yako